Ijumaa za Chumba cha Mifupa

Enyi mnaofundisha, na ninyi mnaowapeleka watoto wenu wakafundishwe, sogeeni karibu kidogo. Habari hii ni ya kwetu, ya bonde la Yakima, na aliyeitenda si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, isingeniuma hivi kuisimulia.

Katika Chuo cha Ridgewater, hakuna siku iliyokuwa tamu kama Ijumaa mchana. Matufaha yalikuwa yameiva mashambani na harufu yake iliingia madirishani. Profesa Coralie Brandt alifungua chumba cha mifupa, akaipanga mifupa juu ya meza, akabandika kila mmoja kibendera kidogo cha rangi, kisha akawaachia wanafunzi wake uwanja. Walizunguka kwa vicheko, wakitaja mtulinga, paja na pingili za mgongo. Mmoja huleta keki ya mdalasini, mwingine huleta kahawa. Coralie, ambaye watoto wake walikuwa wamekua na kuhamia mbali, aliwatazama akajiona ana familia ya pili.

Somo lenyewe lilikuwa anatomia, na anatomia kwetu ndilo lango la uuguzi. Ukilipita, unavaa sare ya bluu na kwenda hospitali. Ukishindwa mara ya tatu, lango linafungwa, na hakuna wa kukusikiliza. Mtihani mkubwa ulikuwa wa vituo: mwanafunzi anasimama mbele ya mfupa wenye kibendera, anaandika jina la mfupa huo, kengele inalia, anahamia meza ya pili. Ulifanywa Jumatatu, katika chumba kilekile.

Sasa sikilizeni vizuri. Coralie alikuwa na mgongo unaomsumbua, na kuipanga mifupa upya ni kazi ya kuinama. Basi vibendera alivyovibandika Ijumaa aliviacha vilevile mpaka Jumatatu. Hakuna aliyeiba mtihani. Lakini kila aliyekuja Ijumaa alikuwa ameshauona, ameshaugusa, na amekula keki mbele yake.

Ijumaa moja mlango uligongwa. Alikuwa Maricruz Olvera, mwanafunzi wa Coralie, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, wavu wa nywele kichwani na buti za mpira miguuni. Alikuwa ametoka mbio kiwanda cha kufungasha matufaha, ng'ambo ya barabara.

"Maricruz! Leo umekuja kwetu!" Coralie alifurahi kweli.

"Sikai, Dokta. Niko mapumziko, na hata hayo yanaisha." Alibaki kizingitini, akiogopa kuchafua sakafu. "Nilitaka kuuliza kama kuna siku nyingine. Hata jioni, hata Jumapili. Ijumaa ni siku ya kupakia malori, msimamizi hamwachii mtu."

"Siku ni Ijumaa, mpenzi. Mlango uko wazi kwa kila mtu. Ni kujipanga tu."

"Njoo hata kidogo, tukuonyeshe fuvu!" kijana mmoja alipiga kelele, mdomo umejaa keki. "Huyu haumi!"

Wenzake walicheka, wala si kwa ubaya. Maricruz alitabasamu, akasema, "Sawa, Dokta," akaondoka. Coralie akageukia kahawa yake.

Ni kujipanga tu. Ni maneno mepesi kwa mtu ambaye ratiba yake haipangwi na malori.

Nyumbani kwao, Maricruz alikuwa na chumba chake mwenyewe cha mifupa, nacho kilikuwa sinki la jikoni. Kila wakila kuku, aliichemsha mifupa, akaisugua, akaianika juu ya gazeti. Mama yake, Doña Eufemia, yaani Bi Eufemia kwa Kihispania chao, alikuwa mtu wa maneno.

"Kuku huyu tumemla Jumapili, tumemnywa mchuzi Jumatatu, na leo unamfufua?"

"Mama, usitupe hilo bawa! Hapo ndipo penye kiwiko."

"Hao wagonjwa wako, mwanangu, watakuja na manyoya?"

Walicheka mpaka machozi. Halafu Maricruz aliinama tena, akalinganisha bawa la kuku na picha ya mkono wa mtu, akapinda na kupindua. Alikuwa ameshashindwa mara mbili. Mitihani ya kuandika alifanya vizuri, tena vizuri kuliko wengi. Vituo ndivyo vilivyomwangusha. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mama yake alijua, ndiyo maana alitania sana.

Chuoni kwetu kila idara hutakiwa kujipima. Je, wanafunzi wamejifunza tulichoahidi kuwafundisha? Wote, au baadhi tu? Upimaji huo huongozwa na walimu wenyewe, maana wao ndio wanaoujua udongo wanaoulima. Idara ya Coralie ilimchagua yeye, na msaidizi wake akawa Lemuel Stokes, mwalimu mgeni, kijana mweusi mcheshi aliyetoka Tacoma.

"Dada Coralie," Lemuel alimwambia wakiwa wameketi ofisini, "kila mwaka tunaupelekea uongozi wa chuo wastani wa alama. Wastani wetu mzuri, unameremeta. Hebu safari hii tuyagawanye matokeo ya mihula iliyopita, tuone nani yuko juu na nani yuko chini."

"Tukigawanya watu tutazua maneno."

"Watu wameshagawanyika. Sisi tutaangalia tu."

Wakaangalia. Coralie aliyaona kabla kahawa yake haijapoa. Kwenye karatasi za kuandika, watoto wa viwandani na mashambani walikuwa bega kwa bega na wenzao. Kwenye vituo walidondoka, na walidondoka pamoja, akina Olvera, akina Barajas na akina Quintero. Na waliopaa kwenye vituo aliwajua kwa vicheko vyao. Walikuwa watu wa Ijumaa.

Alikumbuka vibendera. Alikumbuka buti za mpira kizingitini.

"Kosa ni la mtihani," Lemuel alisema polepole. "Si wao. Tunapima nani ana nafasi ya kuja Ijumaa."

"Wakaguzi wanakuja masika, Lemuel. Unajua maana yake? Wakisikia hivi, programu nzima ya uuguzi inaweza kutiliwa shaka."

"Ndiyo maana tuseme sisi kabla hawajatuambia wao. Wewe ndiye kiongozi. Ukisema wewe, idara yote itakufuata. Nikisema mimi, mgeni, tena mimi na sura hii, wataniambia nina langu jambo."

Coralie aliangalia dirishani. "Acha muhula huu upite kwanza."

Lemuel alikusanya karatasi zake, akamwambia, "Kuna watu hawana muhula mwingine," akatoka.

Coralie alipeleka wastani. Juu yake aliandika kwamba wanafunzi wamefikia lengo, na kweli, ukiwachanganya wote kwenye sufuria moja, walikuwa wamefikia. Tena hata vibendera angeweza kuvihamisha kimyakimya kabla ya Jumatatu, asimwambie mtu. Hilo nalo hakulifanya. Aliona kuvihamisha ni kukiri, na kukiri kulimtisha kuliko kumuumiza mtu aliyekuwa amesimama mbele yake. Jambo hili ninalisema waziwazi kwa sababu hata yeye mwenyewe baadaye alilisema waziwazi.

Jumatatu ya mtihani ikafika. Watu wa Ijumaa walipita vituoni kama wanaopita sebuleni kwao. Wengine waliandika jina hata kabla ya kuinama. Maricruz alisimama kwenye mfupa wa bega, akauinua kwa mikono miwili, akaugeuza, akauweka usawa wa bega lake mwenyewe kutafuta upande wake. Alikuwa akifikiri, na alikuwa akifikiri sawasawa. Coralie aliona kwamba Maricruz anakaribia kupata jibu. Mkono wa Coralie mwenyewe ndio ulioishika kengele.

Akaipiga.

Maricruz alipungukiwa alama chache tu. Siku ya kurudisha koti la maabara, alilileta limefuliwa na kupigwa pasi.

"Asante kwa subira yako, Dokta. Wewe umefundisha. Kichwa changu ndicho kigumu."

Hapo ndipo Coralie alipokuwa na nafasi ya mwisho. Mtu alikuwa amesimama mbele yake akijishtaki kwa kosa lisilo lake. Neno moja tu lingetosha.

"Usijali," alisema. "Kila mtu ana njia yake."

Krismasi ile hakuila. Watoto wake walikuja na zawadi, wakamuuliza kama mgongo umezidi, akasema ndiyo. Kila alipoona mfupa kwenye sahani alisikia kengele. Alijaribu kujitetea moyoni: mlango ulikuwa wazi, sikumbagua mtu, nawapenda wote. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia kulala. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima anayejua kwamba aliona na akanyamaza.

Januari, kwenye kikao cha kwanza cha idara, alisimama na kueleza yote: vibendera, Ijumaa, matokeo aliyoyaficha ndani ya wastani, na jina la Lemuel aliyemwonya.

"Unataka kutuangusha mbele ya wakaguzi?" mzee mmoja wa idara alifoka. "Hao watu wasipokuja Ijumaa, ni kosa letu?"

"Hatukuwapima walichojifunza," Coralie alijibu. "Tuliwapima wanafanya kazi wapi. Na aliyejua ni mimi."

Kisha mambo yakaanza kusogea. Alivyosema Lemuel ndivyo ilivyokuwa: aliposema Coralie, wengine walifuata. Chumba cha mifupa kikafunguliwa jioni na Jumapili. Lemuel alipakia fuvu na mbavu garini, akazipeleka kwenye kantini ya kiwanda, na wafungasha matufaha wakajifunza mifupa huku wakila. "Huyu mwenzetu amekonda sana, mpeni chakula!" walilitania fuvu. Vibendera vikawa vinahamishwa kila mtihani, na kengele ikacheleweshwa. Mwisho, Coralie aliandikia chuo kuomba Maricruz Olvera apewe nafasi ya nne, kwa sababu kosa lilikuwa la mtihani. Chuo kikakubali.

Coralie alienda mwenyewe nyumbani kwao Maricruz, siku ya Candelaria, sikukuu yao ya mwanzo wa Februari. Jikoni kulikuwa na mvuke wa tamale, chakula cha unga wa mahindi kinachopikwa ndani ya maganda yake. Doña Eufemia alikuwa mezani, na Maricruz alikuwa akipaka unga uliokandwa juu ya maganda ya mahindi.

"Mwambie mgeni aingie au atoke," mama alisema. "Mlango unaingiza baridi."

Coralie aliingia, akakaa, akalieleza jambo lote. Alipomaliza, Maricruz alikuwa bado anapaka unga kwenye ganda lilelile.

"Dokta, nilipokuletea koti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakwambia kichwa changu kigumu."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza." Aliweka kijiko chini. "Ungekuwa umeniangusha tu, si neno. Watu huanguka. Lakini mimi nilirudi hapa nikamwambia mama yangu kwamba sina akili. Mifupa yote nikaitupa. Nimeamka kila siku tangu Desemba nikiwa mjinga, na wewe ulijua si kweli."

Coralie alishindwa kuinua macho. "Nisamehe."

"Mimi sikuamini hata siku moja," Doña Eufemia alisema, akiitazama mikono yake. "Nilimwona na wale kuku wake. Lakini nilinyamaza. Nilisema, mwalimu amesoma, mwalimu ndiye anayejua." Alimtazama Coralie kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu yako, mama, nilimshuku mwanangu kwa kunyamaza kwangu, hata kama si kwa moyo."

Nafasi ya nne Maricruz hakuichukua. Alikuwa ameshahamia zamu ya usiku kiwandani, na mkataba ameshautia saini. "Wafungulieni wengine huo mlango," alisema akimsindikiza. "Mimi nimechoka kubisha." Hata hivyo alimpa tamale za kubeba, maana kwao mgeni hatoki mikono mitupu siku ile.

Masika, wakaguzi walikuja, wakasikia yote, na hawakuifunga programu. Waliisifu. Pengo kati ya watu wa Ijumaa na watu wa malori lilikuwa limeanza kuzibika, na akina Barajas na akina Quintero walivaa sare ya bluu. Coralie aliitwa jukwaani mbele ya vyuo vingine aeleze alivyofanya. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Alipotakiwa kusema neno la mwisho alifungua mdomo, akalitaja jina la Maricruz Olvera, kisha hakuweza kuendelea.

Funzo

Ndugu zangu walimu, kujipima si kazi ya kuwafurahisha wakaguzi. Ni kumuuliza mwanafunzi anaumia wapi, na kumwamini akikuonyesha. Wastani mzuri unaweza kuwaficha watu wengi waliodondoka, kwa hiyo yagawanyeni matokeo yenu, mtazame ni nani wanaodondoka pamoja, na kabla ya kuwauliza wao mjiulize ninyi. Aliye mbele aseme kwanza, maana aliye nyuma akisema huambiwa ana lake jambo.

Na mkiona kosa, semeni siku hiyohiyo. Coralie aliponya wengi, na hilo hatumnyimi. Lakini zipo zamu za usiku pale kiwandani ng'ambo ya barabara, na taa zake huonekana kutoka dirisha la chumba cha mifupa. Kila jioni anapowafungulia wanafunzi mlango, huziona.