Presha Iliyogeuka Tarehe

Kila siku Zena alipotoka shule alichota maji bombani, akaosha vyombo vilivyobaki tangu asubuhi, kisha akabandika maharage. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake tangu mama yake, nesi Firdausi, ahamishwe kutoka Tanga na kuletwa kwenye zahanati ya kijiji hiki cha kata ya Titye, wilayani Kasulu. Wote wawili walikuwa bado hawajauzoea ubaridi wa milima hii, wala ukungu wake unaochelewa kuondoka.

Siku hiyo mama alirudi amechoka kuliko kawaida. Alikuwa amekesha na mama mmoja mjamzito, na kulipokucha akaendelea na wagonjwa wengine. Alikaa kwenye mkeka bila hata kuvua koti lake jeupe.

"Mwanangu, kuna kazi sijaimaliza," alisema. "Karatasi za wazee tuliowapima presha. Daktari anakuja Alhamisi, anataka wote wawe kwenye jedwali la kompyuta. Nikikaa mbele ya kile kioo nitalala."

"Nitakuandikia mimi, mama."

Mama alimsogezea rundo la karatasi. "Haya. Ni jina, kitongoji, siku aliyopimwa na presha yake. Ukimaliza nitachagua wale ambao presha yao iko juu, maana daktari ana siku moja tu na hawezi kuona watu wote. Karatasi hizi ni siri za watu, asizisome mtu mwingine. Na ukikwama, niamshe."

Alijilaza palepale mkekani, akapitiwa na usingizi.

Zena alifungua kompyuta ndogo ya zahanati, akaanza. Mwandiko wa mama aliujua. Aliandika 150/95, ikakaa kwenye kisanduku chake vizuri. Akaandika 120/80, nayo ikakaa. Lakini karatasi nyingine zilikuwa na mwandiko wa Bibi Josephina, muuguzi mstaafu aliyejitolea kumsaidia mama siku za kupima wazee. Kwenye hizo, mahali pa presha paliandikwa namba ndogondogo, kama 15/9 au 13/8.

Zena aliandika 15/9, akabonyeza kitufe. Kisanduku kikaonyesha 15-Sep.

Akafuta, akaandika tena. 15-Sep. Akajaribu karatasi iliyofuata, 13/8. Ikawa 13-Aug.

Evaline, jirani yao anayesoma naye Darasa la Saba, alikuwa amekaa kizingitini akimsubiri huku akitafuna muhogo wa kuchoma.

"Wewe Mtanga, bado tu?" aliuliza. "Wenzako wameshaanza kucheza rede. Au ndivyo watu wa pwani mnavyoandika, polepole hivi?"

"Subiri. Kuna kitu sikielewi. Nikiandika presha, kompyuta inaleta mwezi wa tisa."

"Basi hiyo ni tarehe. Labda Bibi aliandika siku ya kurudi kliniki."

"Na presha yenyewe iko wapi?"

"Atakuwa amesahau. Mzee yule, macho hayaoni vizuri." Evaline alicheka. "Muulize mama yako basi."

Zena alimtazama mama. Alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja chini ya shavu, viatu bado mguuni. Kumwamsha kulimtia huruma. Naye mwenyewe mgongo ulimuuma, na karatasi zilikuwa bado nyingi. Majina aliyoyaandika yalikuwa yameanza kuwa maandishi tu, kama vile hayakuwa ya watu anaokutana nao njiani.

Akafikiri: mtu ambaye presha yake ilisahaulika, bila shaka hakuwa na tatizo. Kuacha kisanduku kitupu kungeonyesha kwamba kazi haikuisha. Alifuta ile tarehe, akaandika 120/80, kwa sababu wengi walikuwa na namba hiyo. Karatasi iliyofuata ya Bibi Josephina, akaandika 120/80. Na nyingine. Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka.

Mama alipoamka, jua lilikuwa linaelekea kuzama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote yako sawa?"

"Sawa, mama," alijibu Zena, akageuka kupekecha maharage ambayo hayakuhitaji kupekechwa.

Mama alipitisha macho kwenye jedwali, akachagua majina ya kuitwa, akalituma kwa daktari.

Alhamisi shule ilifungwa mapema, na Zena akapitia zahanati. Wazee walikuwa kwenye mabenchi nje, wamejifunika mablanketi na vitenge. Daktari Khatibu, kijana aliyetoka mjini Kasulu, aliita majina mmoja mmoja. Pembeni, chini ya dirisha, alikaa mzee Gasper, babu yake Evaline, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Evaline alikuwa amesimama karibu naye.

"Babu anaumwa?" Zena aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kichwa kinamgonga tangu juzi. Sikwenda shule, nilimfuata kwake kule juu alfajiri, tukashuka tukipumzika kila baada ya hatua chache. Halafu tunaambiwa jina lake halipo, presha yake ni nzuri, arudi mwezi ujao." Evaline alipangusa macho. "Hawezi kutembea kurudi, Zena. Ona anavyotetemeka."

Zena alikumbuka jina hilo. Lilikuwa kwenye karatasi ya Bibi Josephina.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Alimtazama mzee Gasper, kisha akaingia ndani hadi kwenye meza, akasimama mbele ya mama na daktari.

"Shikamoo, daktari. Mama, presha ya Babu Gasper siyo ile. Nimeitunga mimi."

"Umeitunga?" Mama aliweka kalamu chini.

"Yake na za wengine. Kompyuta iligeuza namba za Bibi Josephina kuwa tarehe. Sikuelewa, nikaweka mia na ishirini kwa themanini."

Mama hakugombeza. Alifungua kabati, akazipekua karatasi, akatoa moja. Iliandikwa 19/11.

Bibi Josephina, aliyekuwa akimfunga mgonjwa mkanda wa kipimo, aligeuka. "Yoo, mwana wanje, mwanangu! Huko Burundi nilikosomea tuliandika hivyo. Kumi na tisa kwa kumi na moja. Ni ileile mia na tisini kwa mia na kumi, tunaacha sifuri."

Daktari alikuwa ameshasimama. Mzee Gasper aliingizwa ndani, akalazwa kitandani, akapimwa upya. Presha ilikuwa bado juu sana. Alipewa dawa, akaambiwa hataondoka mpaka ishuke. Baadaye maumivu ya kichwa yalipoanza kupungua, aliomba maji ya kunywa, na Evaline akakimbia kuyaleta.

Mambo yalipotulia, daktari alimwita Zena kwenye kompyuta.

"Tazama," alisema. "Kisanduku kinabahatisha. Kikiona namba ndogo, mstari ulioinama, halafu namba nyingine ndogo, kinadhani ni siku na mwezi. Mia na ishirini kwa themanini hakiigusi, kwa kuwa hakuna mwezi wa themanini. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, chagua safu yote, fungua mpangilio wa visanduku, viambie kwamba haya ni maandishi. Sasa andika."

Zena aliandika 19/11. Ikakaa 19/11.

"Namba za simu pia," daktari aliendelea. "Usipoziweka kama maandishi, sifuri ya mbele inaliwa. Tarehe ziache ziwe tarehe. Kila safu iambie ni ya aina gani."

Aliondoka kwenda kuwaona wazee wengine wa Bibi Josephina ambao mtoto wa balozi wa nyumba kumi alikuwa ametumwa kuwaita. Mama alivuta kiti, akakaa kando ya Zena. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema polepole. "Kazi hii haikuwa ya kumwachia mtoto, na niliituma bila kuilinganisha na karatasi. Lakini sikiliza, mwanangu. Kutoelewa si aibu. Kompyuta ilibahatisha kwa sababu haina mdomo wa kuuliza. Wewe unao. Ulipoandika namba ambayo hukuipima wala hukuisoma, ulisema uongo juu ya mwili wa mtu. Uchovu unaeleza kwa nini, hauufanyi uongo kuwa kweli. Siku nyingine niamshe, hata kama nimelala kama maiti."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Umekuja kusema mwenyewe, na babu wa watu yuko hai. Nimekusamehe. Sasa leta karatasi, tuzirudie zote pamoja."

Walianza upya, mama akisoma, Zena akiandika. Vidole vilikuwa vizito. Mvua ilianza kupiga bati, na bado rundo lilikuwa kubwa. Ilipofika karatasi moja ya Bibi Josephina iliyopata unyevu, mama alisita. Namba ya mwisho ilikuwa imefifia. Zena aliondoa mikono kwenye vitufe, akaichukua, akavuka chumba.

"Samahani, Bibi," alisema. "Hii ni moja au saba?"