Pikipiki ya Kumbeba Mama Mkwe

Nzioka hakuwa na ramani. Hakuwa na dira, wala tyubu ya akiba, wala maji zaidi ya chupa moja iliyofika nusu. Hakuwa na kofia, kwa maana ilibaki juu ya mti wa miiba mahali fulani nyuma. Hakuwa na njia chini ya miguu yake. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na jibu la swali moja ambalo kanisa zima la Kabati lilimngojea alijibu: kati ya zile pikipiki mbili, inunuliwe ipi?

Moja kati ya hizo mbili, ile nyekundu, ilikuwa imelala ubavu ndani ya korongo mbele yake, gurudumu la nyuma likizunguka polepole kama lisilo na habari. Hatua tano kutoka hapo, mama mkwe wake alikuwa amekaa mchangani, ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili.

"Usinikaribie," alisema.

Nzioka akasimama. Hakujua kama anakatazwa kwa sababu ya petroli iliyokuwa ikivuja au kwa sababu ya desturi.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1986, saa nne asubuhi, na jua lilikuwa tayari limewaka kama jiko. Nzioka alikuwa dresa, mfunga majeraha wa zahanati ya kanisa. Mama mkwe wake alikuwa mkunga wa zahanati hiyo hiyo, wala hapakuwa na mkunga mwingine kutoka Kabati hadi Tulia. Kanisa lilitaka kununua pikipiki moja ya kuwafikisha wote wawili kwa akina mama waliokaa mbali, pikipiki ya barabarani na ya porini pia. Shida ilikuwa nthoni. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake huwekeana heshima yenye aibu ndani yake: hawagusani, hawakai pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Wazee wa kamati walilijua hilo, wakakohoa, wakaendelea na ajenda.

Aftin, mfanyabiashara wa Kitui mjini, aliwaazima pikipiki mbili wazijaribu. "Nyekundu ni ndefu na ina nguvu," alisema. "Kijani ni fupi kwa kimo na ina subira. Mkiamua, niandikieni barua. Maneno ya mdomo ya kamati siyaamini, wallahi. Asubuhi nyekundu, jioni kijani."

Wazee walifunga gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma, Nzioka akazunguka nalo uwanja wa shule mara kumi. Nyekundu ikapita. Kijani ikapita. Wazee wakakuna vichwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba gunia halina magoti, halikai upande, wala haliogopi kumshika mkwe wake.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa na semina ya wakunga huko Mbooni. Alipanda kiti cha nyuma akakaa upande, kama mwanamke yeyote mwenye heshima zake, akaweka kiondo chake katikati yao kama mpaka wa shamba, akashika ukingo wa kiti. Badala ya kuzunguka na barabara kuu, Nzioka alikata njia ya ng'ombe juu ya uwanda wa Yatta ili ateremkie Mto Athi. Alitaka kuona pikipiki inasema nini porini.

Ikasema. Uzito wa nyuma uliifanya shokamzoba ilale chini kabisa, taa ya mbele ikatazama mbinguni, na gurudumu la mbele likawa jepesi mno hata Nzioka alipokata kona pikipiki ikaenda moja kwa moja. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimefungwa kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Kila gurudumu liliporuka, miguu ya mama iliruka nalo. Walipoangukia korongoni kikanyagio kilimpiga kwa chini kama nyundo, naye kwa kuwa hakuwa ameshika kitu cha maana, akarushwa.

"Mama, mguu umevunjika?"

"Umevunjika. Chini ya goti. Nimeusikia ukilia."

"Lazima nikufunge."

Mama mkwe alitazama kushoto na kulia, kana kwamba porini kungetokea dresa mwingine. Hakutokea mtu. "Baba Kaluki," alisema hatimaye, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "kata fimbo mbili zilizonyooka. Na ukifunga, tazama mguu tu."

Alifunga akitazama mguu tu. Mikono yake, iliyokuwa imefunga majeraha ya watu elfu, ilikosea fundo kama ya mwanafunzi. Mama hakulia. Alimsahihisha. "Kaza hapo. Si hapo, hapo! Kwani ulisomea wapi, wewe?"

Nzioka alipokwisha kuiinua pikipiki na kuitoa korongoni, ikawa kazi ya kumpandisha mama. Upande hawezi tena. Ikabidi apande kama mwanamume, leso moja kiunoni kufunika mapaja, leso nyingine ikimzunguka yeye na Nzioka pamoja, fundo kifuani pa Nzioka, kama mtoto anavyofungwa mgongoni. Ule mguu mbovu haukuweza kukanyaga chuma kile kinachorukaruka. Mama akatoa vitu vyake ndani ya kiondo, akatia unyayo humo, na Nzioka akavaa mkanda wa kiondo begani, mguu ukaning'inia ubavuni mwake. Mikono yake mama aliiweka mapajani mwake mwenyewe. Hakumshika.

Nzioka akapiga kiki mara nane. Ya tisa injini ikaitika.

Walikwenda polepole kwa gia ya kwanza. Vumbi la kiangazi lilikuwa limefunga pande zote. Aliona milima miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, yote ya rangi ya moshi, akashindwa kujua upi ni wa Mbooni na upi ni wa nyumbani. Jua lilisimama utosini lisiseme lolote. Akachagua wa kulia. Baada ya saa nzima akabadili mawazo, akachagua wa kushoto. Maji yakaisha. Kisha akaona alama ya tairi mchangani, moyo ukamruka.

"Mama, kuna mtu amepita hapa na pikipiki! Leo!"

Mama akachungulia juu ya bega lake.

"Huyo mtu," alisema, "amevaa kofia yako."

Kofia ilikuwa juu ya mti wa miiba, inapepea. Walikuwa wamezunguka wakarudi pale pale.

Nzioka alizima injini. Kichwa chake kilikuwa kama redio isiyoshika stesheni. Alichukua kofia, akaivaa, akaivua, akampa mama.

"Wewe unatafuta milima," mama alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Milima haina maji. Nitafutie nyayo za ng'ombe."

"Nyayo ziko kila mahali, Mama. Zingine zinakwenda huku, zingine kule."

"Zinakwendaje? Mstari mmoja, au zimetawanyika?"

Nzioka alitazama. "Huku zimetawanyika. Hapa ni mstari mmoja, ncha za kwato zimechimba."

"Waliotawanyika wameshakunywa, wanazurura wakila. Wenye kiu hawazururi. Fuata mstari."

Walifuata mstari. Njia iliteremka miambani, na kila jiwe lilimtoa mama sauti ndogo ambayo alijaribu kuigeuza kikohozi. Kisha hata kikohozi kikakoma. Kichwa chake kikalala mgongoni pa Nzioka, kizito.

"Mama!"

Akamtikisa kwa bega.

"Mama! Mama, tafadhali!"

"Niko. Tazama mbele."

Mstari uliwafikisha kwenye kijito kikavu, mchanga mweupe mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Nzioka alifungua fundo, akamlaza mama kivulini, akang'oa mfuniko wa ubavuni mwa pikipiki, akaanza kuchimba. Kiwiko kikazama. Bega likazama. Mchanga ukawa baridi, ukawa mweusi, na kisha, pole kama jasho, maji yakaanza kujikusanya. Akayachuja kwa ncha ya leso, akamnywesha mama kwanza. Mara ya tatu mama alimsukumia mfuniko. "Kunywa na wewe. Ukianguka, mimi nitaendesha?"

Ng'ambo ya kijito ukingo ulikuwa umesimama kama ukuta, urefu wa mtu mzima. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ng'ombe walikuwa wamekwangua mteremko. Nzioka alimfunga mama tena mgongoni, akajaribu mara ya kwanza: gurudumu la mbele likainuka, nusura pikipiki iwaangukie. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, likainuka tena. Uzito wote ulikuwa nyuma. Hakukuwa na dawa ila moja, naye aliijua, na hakujua itatamkwaje na mdomo wa mkwe.

"Mama," alisema bila kugeuka, "unishike."

Injini ilinguruma chini yao. Nzi walizunguka.

"Mama, lala mgongoni pangu kwa mwili wote na unishike kwa nguvu, la sivyo tutakufa hapa hapa kwa adabu."

Mikono miwili ikapita chini ya makwapa yake, mikono migumu iliyovuta watoto wengi duniani, ikafungana kifuani. Kifua chake kikabanwa. Akafungua mafuta yote. Nyekundu ikapiga kelele, ikala mchanga, ikapanda, ikayumba, ikapanda, na wakatokea juu. Mbele yao, chini kidogo, palikuwa na mstari wa miti mibichi, na katikati ya miti Athi iking'aa.

Ukingoni mwa mto mwanamke mmoja, Mbula, alikuwa akipakia punda wake madebe ya maji. Alimtazama mwanamume, akamtazama mama mtu mzima aliyefungwa mgongoni pake, mguu ndani ya kiondo.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama mkwe."

Mbula aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akapiga ukelele, na kutoka ng'ambo, upande ambao leo ni Makueni, wakaja wanaume wanne na kitanda cha kamba.

Siku ya tatu, katika zahanati ya Mbooni, Nzioka alikaa kwenye benchi karibu na kitanda cha mama mkwe, mguu wa plasta ukiwa juu ya mto. Kabla ya safari hii asingeingia chumba hicho. Alikuwa ameandika na kuchana karatasi mbili, moja ikisifu nyekundu na nyingine ikiilaani. Ya tatu aliisoma kwa sauti:

"Bwana Aftin, salamu. Tuletee ya kijani. Nyekundu ina nguvu ya kumtoa mtu shimoni, lakini ndiyo iliyotutia humo. Kijani vikanyagio vya abiria vimefungwa kwenye fremu, haviruki na gurudumu. Kiti chake ni kirefu, na miguu yangu yote miwili hufika chini abiria akiwa amepanda. Mlimani itakwenda polepole, nasi tutakwenda nayo. Haya nimeambiwa na abiria mwenyewe."

"Abiria ndiye nani?" mama aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Abiria ni mtu yeyote. Mguu huu si wa mtu yeyote. Andika jina."

Kalamu ikasimama hewani. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, jina hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwake wala mkononi mwake. Alimtazama usoni kuhakikisha amesikia vizuri, na huko kutazama nako kulikuwa ni kugeni. Mama hakukwepesha macho.

Alikata maneno "abiria mwenyewe", akaandika juu yake kwa herufi za shule ya jioni, moja moja.

"Soma."

"Syokau," alisema, masikio yakimuwaka. "Syokau, mke wa Mulei, mkunga wa Kabati."

"Ndiyo mimi. Sasa funga."

Nzioka alikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akatoka nje, akateremka hadi sokoni, akaitumbukiza katika sanduku la posta.