Mayai Sitini na Blanketi Moja

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mke wa seremala huenda kuchungulia mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Wiki hii mashine ilikuwa tupu. Mwezi uliopita umeme ulikatika kwa saa nne, mayai yakapoa, na hakikutoka kifaranga hata kimoja. Siku hiyo alilia, na nani angemlaumu?

Sasa alikuwa na mayai mengine sitini. Mara likaja tangazo: Alhamisi mchana umeme utakatwa tena, saa nne nzima.

"Niyaweke, au niyaache yaharibike?" alimuuliza mumewe.

"Mimi najua mbao, mke wangu. Muulize dada."

Dada huyo, yaani wifi yake, ni mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa. Alikuja na kompyuta yake kuukuu.

"Wifi, tusibahatishe," alisema. "Tuweke chupa za maji mahali pa mayai. Zikishapata joto tuzime mashine, tupime kila saa. Kompyuta itukadirie saa ya nne itakuwaje."

Walipima mara tatu, kuanzia walipozima mashine: 38, 36.5, 35. Mke wa seremala akaketi kuandika mwenyewe. Kila kipimo alikifunga kwa alama za kunukuu, kama alivyomwona wifi akiandika jina la mashine. Akajaribu kujumlisha viwili vya kwanza. Kompyuta ikajibu: 3836.5.

"Nyuzi elfu tatu! Wifi, hayo si mayai tena, ni majivu!"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ukiweka alama hizo, kompyuta inadhani ni maandishi. Maandishi hayajumlishwi, yanaunganishwa tu. Jina la mashine ni maandishi, lifunge. Joto ni namba, liache wazi."

Mke wa seremala alifuta alama, akaandika upya:

joto = [38, 36.5, 35]

"Hiyo ndiyo orodha," wifi alisema. "Neno moja, joto, limebeba vipimo vyote, kwa mpangilio ule ule. Sasa iambie itafute kila saa joto limeshuka kiasi gani."

Jibu lilikuja: nyuzi 1.5 kila saa. Baada ya saa nne, joto lingekuwa 32. Kitabu cha mashine kilisema lisishuke chini ya 34.

Mke wa seremala alinyong'onyea. Mayai yangekufa tena.

"Usikate tamaa," wifi alisema. "Tubadilishe kitu kimoja, tupime tena. Una blanketi zito?"

Lilikuwepo moja tu, la kitandani. Walifunika mashine, wakapima, wakaandika orodha mpya: [38, 37.2, 36.4]. Safari hii saa ya nne ilitoa 34.8.

"Lakini ni makadirio," wifi alionya. "Kipimajoto usikipe kisogo."

"Na usingizi wangu wa mchana?" seremala aliuliza kutoka mlangoni.

"Jifunike mbao!" dada yake alimjibu.

Mayai yaliingia mashineni. Alhamisi umeme ulikatwa, na mama wa watu hakubanduka. Uliporudi, kipimajoto kilisoma 34.9. Wiki tatu baadaye, nyumba ilijaa milio ya vifaranga. Seremala mwenyewe ndiye aliyewahesabu, mara mbili, huku akitabasamu.

Mkewe alifungua kompyuta. Hakuificha hasara ya kwanza. Aliandika polepole, bila alama za kunukuu:

vifaranga = [0, 52]