Nyasi za Kinyozi na Bomba la Kilimani

Kinyozi alikuwa na nyasi mbele ya nyumba, na nyasi hizo ndizo zilizokuwa roho yake. Kila wiki alizikata mpaka zikabaki kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Wapita njia walisimama kuzitazama. Naye alitoka nje kuwatazama wakizitazama.

Wiki hiyo alikuwa hashikiki. Binti yake alikuwa amejifungua! Mjukuu wa kwanza! Kesho wangetoka hospitali, wapite kwa babu, kisha wapande nyumbani kwao juu ya kilima.

"Mjukuu wangu akija, akute kijani kitupu," alisema kinyozi huku akiweka ndoo chini ya bomba.

Mkewe aliangua kicheko. "Mtoto mchanga anajua kijani? Na redio ilisemaje? Ni marufuku kumwagilia nyasi za mapambo maji ya kunywa."

"Wamekataza mpira wa maji, mama. Ndoo hawakuitaja."

Akajaza ndoo, akamwaga. Akajaza nyingine, akamwaga. Jasho lilimtiririka, lakini alikuwa anaimba.

Simu ikalia. Alikuwa mkwewe, baba wa mtoto.

"Shikamoo, baba. Bomba letu limekauka tena. Hatuwezi kuleta mtoto mchanga kwenye nyumba isiyo na maji. Tumeamua aende kwa mama yangu."

"Kwa mama yako? Mji wa mbali vile? Mpaka lini?"

"Mpaka mvua zinyeshe, baba."

Kinyozi aliiacha ndoo. Mjukuu atakua bila yeye kumbeba! Hapo akamwona jirani yao akipita na mkoba wa spana. Mama huyu alikuwa fundi wa mamlaka ya maji.

"Fundi! Kimbia kilimani! Bomba la mwanangu limekufa!"

"Bomba ni zima," alijibu fundi. "Maji ya mwanao umeyakanyaga hapo."

Kinyozi akatazama miguu yake. Ilikuwa imelowa.

"Bomba kuu ni moja, jirani," fundi alieleza. "Linaanza kwetu bondeni, ndipo lipande kilimani. Sasa ni kiangazi, maji ni machache. Sisi wa chini tukifungua wote asubuhi, yanakosa nguvu ya kupanda."

"Lakini mimi natumia ndoo!"

"Ndoo au mpira, maji ni yaleyale. Yametiwa dawa ili watu wanywe."

"Nyasi zangu nazo haziishi kiu!"

Fundi akacheka. "Umezinyoa upara! Kwa mteja, sawa. Lakini nyasi fupi mno hazifuniki udongo. Jua linaupiga, unakauka mara moja. Ziache zirefuke kidogo. Bora zaidi, ng'oa sehemu kubwa, mvua zikianza panda mimea inayovumilia ukame. Tandaza majani makavu juu ya udongo."

"Ile mimea niimwagilie nini?" mke wa kinyozi aliuliza.

"Maji uliyosuuzia nguo, mradi hayana dawa ya madoa. Yamwage siku hiyohiyo, yasioze. Na usiyamwage kwenye mboga."

Kinyozi hakungoja zaidi. Alifunga bomba, akatoka mbio, geti kwa geti.

"Jamani, fungeni mabomba! Mjukuu wangu anataka maji!"

Watu walicheka, lakini wakafunga. Kumbe wengi walikuwa na ndoo mikononi, kwa ujanja uleule! Mmoja mmoja, mtaa mzima ukaacha kumwagilia.

Mchana simu ikalia tena.

"Baba! Yanatoka! Sikiliza!" Mkwewe alisogeza simu kwenye bomba. Maji yalikuwa yanapiga ndani ya beseni. "Tumeghairi safari. Mtoto anakuja kwake!"

Kinyozi alimkumbatia mkewe, kisha akamkumbatia fundi, kisha akashika jembe. Jioni hiyo nyasi nyingi ziling'oka, kikabaki kipande kidogo tu kando ya mlango.

Siku zilizofuata maji yalipanda kilimani kila asubuhi. Kinyozi naye alipanda, kabla ya kufungua duka lake la kunyolea, kuona mjukuu akiogeshwa. Mtoto alipiga mateke na kumlowesha babu shati lote.

"Kile kipande cha nyasi kimeanza kukauka," mkewe alimwambia.

Kinyozi alikuwa anafuta kidevu cha mjukuu.

"Nyasi gani?" akauliza.