Uzi Mwembamba Masikioni mwa Rhobi

Uvumi ulianzia kisimani, ukamfuata Ghati mpaka jikoni kwake. Walisema kuna kijana mmoja wa Machochwe aliyejifunza kwa simu kupiga iritungu, ile ala ya nyuzi ya wazee. Akaanza kusikia mlio ambao wenzake hawausikii. Jioni moja akaweka jembe chini, akaufuata ule mlio kuelekea mbugani. Mpaka leo hajarudi.

"Anaitwa nani huyo kijana?" Ghati aliuliza pale kisimani.

"Jina silijui," alijibu Mama Mseti, akijitwisha ndoo. "Lakini aliyeniambia si mwongo."

Ghati alicheka pamoja na wenzake. Ila kicheko kiliishia mdomoni. Binti yake Rhobi naye alikuwa anajifunza iritungu kwa simu.

Iritungu alilojifunzia, la nyuzi nane, lilikuwa la babu yake, mzee Mogesi. Pale kijijini Genkuru hakuna sherehe iliyonoga bila yeye. Mzee alifariki mwaka jana bila kuacha mwanafunzi. Aliacha rekodi moja tu. Mwanawe Emanueli, mume wa Ghati, alimrekodi kwa simu kabla ya kurudi Sirari kwenye kazi yake ya kupakua malori.

Rhobi aliiweka rekodi ile kwenye programu ya simu ya kujifunzia muziki. Programu ilipunguza mwendo wa wimbo mpaka kila uzi ukasikika peke yake. Ilirudia kipande kimoja bila kuchoka wala kugomba. Ilikuwa na mshale wa kuonyesha kama uzi umekazwa sawasawa. Zamani mwanafunzi alikaa miguuni pa mwalimu, akabembeleza. Rhobi alikuwa na mwalimu mfukoni.

Lakini iritungu linanguruma kifuani kwa mpigaji, na malori ya mawe hayaishi kupita barabarani. Ili amsikie babu, Rhobi alichomeka hedfoni masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho. Akitoka shamba ni hizo. Akimaliza kuosha vyombo ni hizo.

Siku moja walikuwa wanapalilia mihogo. Upepo ulikuwa umetulia. Ghafla Rhobi akasimama, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa.

"Mama, nani anapiga?"

"Anapiga nini?"

"Iritungu. Uzi mmoja tu, ule mwembamba. Haukatiki."

Ghati akasikiliza. Kimya. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Iritungu lilikuwa nyumbani, limetundikwa ukutani. Simu nayo ilikuwa nyumbani, imeisha chaji.

"Unatoka upande gani?" aliuliza.

Rhobi akageuka huku, akageuka kule. "Kote," alisema. "Kama uko ndani yangu."

Ghati akaacha jembe. Akamshika mtoto mkono, wakaondoka shambani kazi ikiwa nusu.

Tangu siku hiyo Rhobi alibadilika. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, haitiki. Ukisema naye, anakutazama mdomo badala ya macho. Wakati mwingine anatabasamu mahali ambapo hakuna mtu aliyesema neno.

Ghati akaamua kusikiliza mwenyewe. Mchana, Rhobi akiwa mtoni, alizichomeka zile hedfoni. Ukaja uzi mmoja, mzito, unaojivuta. Kisha kikohozi. Kilikuwa cha baba mkwe wake, hakuwa na shaka. Lakini kilikuwa kirefu na kizito, kama kinapita kwenye udongo. Halafu sauti ikasema polepole sana, "Ruu-dii-aaa."

Ghati alizing'oa hedfoni, akazitupa kitandani kama mtu aliyeshika nyoka.

Katika ukoo wa mumewe wana neno lao. Marehemu akikuita, huitiki kwa mdomo. Unamwitikia kwa kazi aliyoipenda. Usipoitika, anakuja kukuchukua mwenyewe. Basi Ghati, kwa hofu yake ya mama, akafanya kosa. Aliacha kumtuma Rhobi shambani. Simu ikizima, aliipeleka kuchajiwa yeye mwenyewe.

"Piga, mwanangu," alimwambia. "Piga mpaka babu yako aridhike."

"Masikio yananiuma, mama."

"Vumilia. Akiridhika atakuachia."

Mama Mseti akashauri samli vuguvugu. Ghati akaitia, sikio hili na hili. Rhobi akaendelea kupiga, hedfoni masikioni. Kadiri alivyomwitikia babu, ndivyo uzi ule ulivyozidi kulia.

Siku ya gulio, Rhobi alitangulia njiani. Ghati alikuwa nyuma na kikapu cha viazi. Lori la mawe likaja kwa kasi, likapiga honi. Rhobi hakugeuka. Likapiga tena. Ghati akapiga kelele mpaka kikapu kikaanguka. Mtoto alikuwa anatembea taratibu katikati ya barabara, kichwa kimeinama, kama anayeongozwa.

Mtu mmoja akaruka kutoka upande wa pili, akamvuta mkono. Lori likapita, likawaacha kwenye vumbi.

Alikuwa Nashoni, jirani yao, ambaye hasikii vizuri na huongea kama anagombana.

"Wewe mtoto! Honi yote ile!"

"Shikamoo baba," Rhobi alisema. "Sijasikia."

"Eh?"

"HAJASIKIA!" Ghati alimpigia kelele.

"Marahaba. Hajasikia?" Nashoni alimtazama binti. "Kiziwi wa kijiji hiki ni mimi. Ndiyo maana kila mara nageuka nyuma. Huyu ananinyang'anya cheo, na kugeuka hajajifunza." Kisha akainama karibu, macho kwenye midomo ya Ghati. "Mama Rhobi, anasikia mlio?"

Ghati akamvuta mtoto kwake. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Hata mimi ninao. Unalia hapa tunapoongea."

"Na wewe anakuita nani?"

Nashoni akacheka. "Aniite nani, mama? Nilisimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, bila kuziba masikio. Tukitoka kazini masikio yanalia, tunasema ni uchovu. Kesho tunarudi. Mwisho sauti za watu zikaondoka, mlio ukabaki. Sasa mke wangu namsoma midomo. Akinigombeza, nafumba macho."

"Huyu hajawahi kukanyaga kwenye karasha."

Nashoni akanyoosha kidole kwenye hedfoni zilizoning'inia shingoni kwa Rhobi. "Karasha lake analibeba."

"Na sauti ya baba mkwe?" Ghati aliuliza, akirudia kwa nguvu mpaka Nashoni akasikia. "Niliisikia mwenyewe. Ilikuwa ya kaburini!"

Rhobi alikuwa anamtazama mdomo. "Mama, hiyo nimeipunguza mwendo. Babu alikuwa anajiambia mwenyewe arudie wimbo. Sema neno uone."

Akaiwasha simu irekodi. Ghati akasema, "Acha upuuzi." Rhobi akabonyeza, akapunguza mwendo. Ghati akajisikia akisema kutoka shimoni, "Aaa-chaa uu-puu-ziii." Nashoni hakusikia kitu, lakini alipomwona Ghati alivyotoa macho, alicheka mpaka akajishika tumbo.

"Mpeleke hospitali," alisema. "Mimi nilichelewa."

Hospitalini Tarime alikuwepo Beatrice, mtaalamu wa masikio. Alisafisha kwanza samli iliyoganda. Kisha akampima Rhobi kwa kumsikilizisha sauti ndogo ndogo, naye anyooshe mkono kila anaposikia. Ghati aliuangalia ule mkono. Mara nyingi ulibaki chini.

"Atakuwa kiziwi?" aliuliza.

"Akiendelea hivi, atakuwa," Beatrice alijibu bila kuficha. "Mama, unaijua njia ya ng'ombe? Wakipita mara moja, majani yanalala, halafu yanainuka. Wakipita kila siku, yanakufa, inabaki ardhi tupu. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa inavikanyaga. Ule mlio ni sikio linalolalamika. Vikifa, hakuna dawa ya kuviotesha."

"Basi aache muziki? Niitupe simu?"

"Kwa nini? Simu ni mwalimu mzuri. Apunguze sauti. Badala ya hedfoni, atumie spika ndogo mbele yake. Mtu akisema naye karibu, amsikie bila kupigiwa kelele. Apumzike mara kwa mara. Kukaza nyuzi atumie mshale wa kwenye simu, kwa macho tu. Na kwa sasa, masikio yakae kimya mpaka nimpime tena."

Iritungu likakaa ukutani. Ghati hakulitazama bila kusali. Usiku alilala macho, akingoja anayekuja kuchukua. Hakuja mtu. Asubuhi ya kwanza Rhobi alisema uzi bado unalia. Baadaye akasema umekuwa hafifu. Beatrice alipompima tena, mkono ulinyooka mara nyingi kuliko mwanzo. Sauti nyembamba kabisa hazikurudi, na pengine hazitarudi.

Emanueli akaja na spika ndogo kutoka Sirari. Rhobi akaanza upya, sauti chini, anapiga kidogo, anapumzika. Wimbo wa babu aliumaliza, akaupiga kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Wazee walinyanyuka kucheza.

Asubuhi moja Rhobi alikuwa anafagia uani, amempa mama mgongo. Ghati alikuwa jikoni. Alimwita kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa jibu.

"Rhobi."

"Naam, mama."

Ghati akakaa chini pale pale, mwiko mkononi.

Mzazi, na wewe unayejifunza muziki kwa simu, epuka haya:

Usiongeze sauti ya hedfoni mpaka mwisho. Ukiwa umezivaa, hakikisha unamsikia mtu anayesema nawe karibu.

Usishindane na kelele za malori, mashine au mvua. Ngoja zipite.

Usifanye mazoezi kwa muda mrefu bila kupumzisha masikio.

Usitembee barabarani na hedfoni.

Usitie samli, mafuta, dawa za majani wala kijiti sikioni.

Usiseme mlio wa masikioni ni wito wa marehemu. Nenda hospitali. Kama usikivu umepungua ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Usimwambie mtoto avumilie maumivu ya sikio.

Usifanye kazi kwenye karasha bila kuziba masikio.