Mume wa Utani

Mwaija hakuwahi kushindwa mdomo. Jumamosi ile alikuwa kwenye meza yake ya mitumba ya watoto, soko la Korogwe, amembeba Husna, mtoto wa dada yake, kwa kanga ya njano. Akamsikia kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikono inakata, akimwambia muuza karanga:

"Sisi Wanyamwezi tumezaliwa juu ya karanga. Usiniuzie mbichi."

Mnyamwezi! Mzigua akimwona mtani wake wa tangu mababu akanyamaza, huyo ni mgonjwa. Mwaija akashika kiuno.

"We Baba Husna! Unapita kama hutuoni? Mtoto hana hata viatu, wewe unatafuna karanga!"

Safu nzima ikaangua kicheko. Mwaija akangoja matusi yake, maana mtani hujibiwa. Lakini kijana alimtazama yeye, akamtazama mtoto, karanga zikamponyoka.

"Nipe namba yako," alisema taratibu. "Niliyokuwa nayo imepotea."

Huyu anajua kucheza, Mwaija akawaza. Akampa.

Jioni simu ikaita.

"Mama Husna, mmekula?"

"Tumekula upepo, mume wangu. Si umetutelekeza?"

"Nisamehe. Nilikuwa naumwa."

"Ugonjwa wa wanaume wa Tabora naujua. Unaitwa nyumba ndogo."

Akacheka, kicheko kizito kisicho na haraka, na Mwaija akajikuta ameibana simu sikioni.

Ikawa kila jioni. Jina lake Sabiri, fundi wa kompyuta mwenye kiduka karibu na stendi. Alimwuliza Mwaija siku yake ilivyokwenda, na alingoja jibu, jambo ambalo wanaume wengi hawaliwezi. Mwezi haukuisha, Mwaija akawa anapaka wanja kabla ya simu kuita, kana kwamba simu ina macho.

Kisha Ijumaa, baada ya swala, Sabiri akaja mwenyewe nyumbani kwa dada mtu. Kanzu safi, viatu vidogo vyekundu mkononi. Akapiga magoti mbele ya Husna.

"Nimempigia mama kule Urambo. Amelia kwa furaha. Anataka mjukuu wake."

Mwaija alicheka. Kisha akagundua anacheka peke yake.

"Sabiri," alisema. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Baba yake ni Ramadhan, dereva wa lori. Mimi na wewe tulionana mara ya kwanza pale sokoni. Ule ulikuwa utani."

Kiatu kimoja kilikuwa kimeshaingia mguuni. Cha pili kikabaki mkononi mwa Sabiri.

"Mwaka jana nilianguka na pikipiki Mkumbara," alisema. "Nilipozinduka, karibu miaka miwili haipo. Kichwa ni kama kompyuta, Mwaija. Umeme ukikatika, ulichohifadhi zamani unakikuta. Ulichokuwa bado unakiandika, kimekwenda. Na hapa Korogwe nilikuwa naishi peke yangu. Unamwuliza nani kama una mke?"

"Si ungeniuliza mimi!"

"Wewe ulishanijibu, mbele ya soko zima." Akakigeuza kile kiatu. "Tena kompyuta ina uaminifu. Ikikosa faili inakwambia halipo. Kichwa hakisemi. Kinaokoteza, kinajaza. Mimi nilishaanza kukumbuka mimba yako. Umesimama mlangoni kwangu, umevaa dera la kijani, unanigombeza. Niliona kabisa."

"Sina dera la kijani."

"Sasa najua."

Akakiweka kiatu chini, akaondoka.

Simu zikakoma. Mwaija alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Achana naye," dada yake akamwambia. "Kichwa kibovu kile. Kesho atakusahau na wewe."

"Yeye alinikumbuka kila jioni. Ramadhan wako mwenye kichwa kizima amepiga lini?"

Dada akaingia jikoni.

Jumatatu Mwaija alifunga meza mapema, akapita kwa muuza madera, kisha akaenda stendi. Sabiri alikuwa ameinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Aliposikia hatua akainua kichwa, na bisibisi ikasimama hewani. Mlangoni kulikuwa na dera la kijani, bado lina mikunjo ya dukani, linafagia kizingiti.

"Hupokei simu za watu, una kazi gani?" Mwaija alifoka. "Nilikudanganya neno moja, na sikujua unaumwa. Hilo nisamehe. Lakini nilipokwambia nakungoja jioni, nilikuwa nakungoja kweli. Nilipocheka, nilicheka kweli. Hayo uliyahifadhi mwenyewe, umeme unawaka. Yafute basi, kama unaweza!"

Wateja wakageukia mlangoni. Sabiri alimtazama toka ushungi hadi pindo. Kwa mara ya kwanza maishani Mwaija hakuwa na neno la kuongeza, na aliogopa.

"Nyinyi Wazigua," Sabiri alisema mwishowe, "ni watu wa hovyo sana."

Mwaija akashika mwimo wa mlango kwa furaha. Mtani aliyenuna hatukani.

"Mwezi mzima unaniita mume," Sabiri aliendelea. "Mmenilia viatu, mmemliza mama yangu, na mimi sijatoa hata mbuzi. Huo ni wizi. Baba yako yuko wapi nikakushitaki?"

"Kwamsisi."

"Mwambie nakuja na wazee. Na hilo dera..."

"Lina nini?"

"Silo. Nililoliona mimi lilikuwa limekubana tumboni."

Wateja walipasuka kicheko. Mwaija akavua kandambili moja, akamrushia.

"Mnyamwezi huna adabu! Leta mbuzi kwanza!"