Nguo Saba Golini

Miwani ilimtoka usoni pale getini, siku ambayo nusu ya mji ilitaka kuingia uwanjani kupitia mlango mmoja. Na bila miwani, jamaa yetu alikuwa hatofautishi mtu na nguzo.

"Samahani, shangazi," akasema, mikono ikipapasa hewa, "hujaona miwani hapo miguuni kwako?"

"Unaongea na nguzo," sauti ya kike ikamjibu kutoka pembeni. "Simama hapo hapo, usije ukaikanyaga mwenyewe."

Akasimama. Msichana akachuchumaa katikati ya miguu ya watu, huyu akamsukuma, yule akamfokea, akaibuka na miwani, mkono mmoja wa fremu umeng'oka. Akafungua mkoba, akatoa bisibisi ndogo kama njiti ya kiberiti.

"Mwanamke gani anatembea na bisibisi?"

"Fundi miwani. Na mwanamume gani anatembea na kipaza sauti shingoni?"

Kazi ya jamaa ndiyo hiyo. Alikuwa akiwatembeza wageni ndani ya uwanja na kuwasimulia historia yake, na wenzake kazini walimwita Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki. Alipoivaa miwani akaona gauni la buluu lenye vifungo vyeupe, kisha akaona uso, kisha hakuona haja ya kutazama kitu kingine.

"Ingia basi, Fundi. Nikutembeze bure, ndiyo shukrani yangu."

"Nimemletea mteja miwani yake, nimemkabidhi hapa hapa nje. Ndani siingii."

"Unaogopa mpira?"

"Naogopa waongeaji," akasema. Lakini namba ya simu aliitoa.

Haya, yakaanza. Simu asubuhi, simu mchana, simu mtu akiwa na mswaki mdomoni.

"Fundi, sioni vizuri leo."

"Umevaa miwani?"

"Nimevaa. Wewe ndiye nisiyekuona."

"Ugonjwa huo dukani kwetu hatuutibu. Nenda kazini, mpenzi, bosi wako atakufukuza."

Jioni walikutana kwenye benchi ng'ambo ya barabara, wakala chipsi kwenye karatasi moja, wakagombania ile ya mwisho. Redio alisema, Fundi alicheka. Ila kila siku Fundi alikaa akiwa ameupa uwanja mgongo. Redio akamwuliza mara ya kwanza, akapigwa chenga. Akauliza tena, na safari hii Fundi akaweka chipsi chini.

"Nilipokuwa mtoto, mto ulifurika ukabeba nyumba zetu," akasema. "Tukaletwa hapo, familia nyingi, tukalala chini ya jukwaa la magharibi. Tukakaa mpaka tukazoea. Mimi nilikuwa nafua, naanika kwenye nyavu za goli, kuna jua zuri pale. Sasa ikaja mechi ya kwanza baada ya mafuriko. Watu wakafunguliwa mapema, nami sina habari. Natoka chini na beseni langu, nakuta majukwaa yamejaa, na nguo zetu ziko golini. Na gagulo la mama."

Redio akataka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Mama akasema tulia hapa. Akaenda peke yake, uwanja mzima, miguu mitupu. Kila nguo aliyotoa, watu wakahesabu kwa pamoja. Moja! Mbili! Mji mzima ulikuwa unahesabu nguo za ndani za mama yangu. Na mimi niliyezianika nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo."

Redio akamshika mkono.

"Usimwambie mtu."

"Nikisema, nife."

"Usife. Nyamaza tu."

Sasa jamani, nyamaza tu ni kazi ngumu kiasi gani? Kwa mtu mwingine si ngumu. Kwa Redio ilikuwa kama kumwambia asipumue.

Uwanja ule ulikuwa na mengi ya kusimuliwa. Ulijengwa kwenye shimo walimokuwa wakifyatulia matofali. Umechezewa mpira, umekimbiwa mbio, umehubiriwa na kuhutubiwa, wanafunzi wamevalishwa majoho, watoto wamechanjwa, bendi zimepiga mpaka nyasi zikaungua chini ya jukwaa la mbao. Redio aliyajua yote hayo, na wageni walikuwa wakiyasikiliza huku wakichungulia simu zao.

Siku moja akaletewa kundi la wahasibu, wamechoka, wana njaa, wanapiga miayo waziwazi. Redio akaona anaaibika. Na mdomo, kabla hajaushauri, ukasema, "Mnajua kwamba golini pale paliwahi kuanikwa gagulo?"

Simu zote zikashuka. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hakutaja jina la mtu, Redio alijiambia njiani kurudi nyumbani. Bila jina, siri gani? Alijiambia hivyo kwa sauti, na mtu anayeamini jambo hajiambii mara nne.

Kundi lililofuata akaongeza chumvi. La tatu akaanza kuiga mwendo wa yule mama, amepinda magoti, leso begani ndiyo nguo, huku wageni wakihesabu kwa pamoja. Bosi wake akasema hiyo ndiyo historia sasa. Na jioni Redio alikaa benchini, akala chipsi na binti wa mama huyo, akamtazama machoni. Aliweza, na ndilo jambo lililokuja kumtesa kuliko yote.

Kumbe Fundi naye alikuwa na lake. Alimwambia mama yake: nimempata mtu, ila kazi yake iko kule kule. Mama akafikiri, akasema, basi twende tukaone, mwanangu, uwanja haukutukosea. Hawakupiga simu. Walitaka kumfurahisha.

Redio alikuwa ameupa mgongo mlango, magoti yamepinda, leso begani.

"Hesabuni!"

"Moja! Mbili! Tatu!" wageni wakaitikia, na yeye akawa anachuma nguo hewani, akikata kiuno. "Saba! Nane! Tisa!"

"Zilikuwa saba, baba," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mama mfupi, gauni la kijani limepigwa pasi likanyooka, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Kando yake Fundi, katika lile gauni la buluu la siku ya kwanza. Hakulia. Alimtazama Redio kama anavyotazama kioo chenye ufa, kuona kama kinafaa kuokolewa.

"Mama, twende."

Wakaondoka. Na wageni, masikini, wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Redio alibaki na leso begani. Alitamani lile shimo la matofali lifunguke tena limmeze na kipaza sauti chake.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Chakula kikawa hakipiti. Alipokuwa akinyoa ndevu alijikuta anamkwepa yule mtu wa kwenye kioo. Akajikaza, akaenda dukani. Fundi alikuwa kwenye mashine anasaga lenzi, maji yakitiririka kwenye gurudumu.

"Karibu. Miwani ina tatizo?"

"Fundi, nisikilize."

"Kama haina tatizo, pisha mteja."

"Sikutaja jina. Wallahi sikutaja jina la mtu."

Mashine ikazimwa.

"Kwa hiyo yule si mama yangu, kwa vile hukumtaja?" Sauti ilikuwa ya chini, na Redio angeshukuru kama angefokewa. "Nilikupa kitu ambacho sijampa mtu. Wewe ukakifanya mchezo, ukawapa watu wahesabu. Unajua aibu yangu yote, mpaka rangi yake. Mimi yako sijui hata moja. Au wewe huna?"

Redio akafungua mdomo. Alikuwa nayo. Lakini akaufunga tena mdomo.

"Nilijua," Fundi akasema, akawasha mashine.

Siku hiyo Redio alirudi uwanjani, akaenda mpaka kwenye njia ya wakimbiaji inayopita mbele ya viti vya bei nafuu. Akapiga simu. Ikapokelewa.

"Usiseme kitu," Redio akasema. "Baba yangu alikuwa anauza tiketi bandia. Alikamatwa hapa, siku ya mechi. Wakati wa mapumziko wakamvisha tiketi zake shingoni, wakamzungusha kwenye hii njia, watu wote wakamzomea. Mimi nilikuwa jukwaani na wanafunzi wenzangu. Mmoja akaniuliza, unamjua yule? Nikasema simjui. Halafu nikazomea, Fundi. Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi, ili nionekane sawa na wenzangu. Baba akainua macho, akaniona. Jioni akanivutia kiti mezani kama kawaida. Jambo hilo hakuligusia mpaka alipokufa. Ndiyo yangu hiyo. Hakuna mwingine anayeijua, hata mama."

Alisubiri. Alisikia maji ya mashine, kwa mbali.

"Nimesikia," Fundi akasema, na simu ikakatika.

Basi Redio akawa mtu wa mashaka. Ameitoa, nayo iko mikononi mwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimdhalilisha. Na wewe ungelala?

Haukupita muda mrefu, uwanja ukatolewa kwa siku ya kupima macho bure. Meza zikapangwa pembeni mwa nyasi, na foleni ikazunguka nusu ya njia ya wakimbiaji. Duka la Fundi lilialikwa. Redio alipewa kipaza sauti awachangamshe waliokuwa wakingoja, na alipomwona Fundi anapita getini kwa miguu yake, ameshika sanduku la fremu, akakishusha. Fundi hakumsalimia. Akakaa kwenye meza yake akaanza kupima.

Kwenye foleni, kwa balaa, alikuwepo mmoja wa wale wahasibu.

"Redio!" akapaza sauti. "Tupe ile ya nguo!"

"Hiyo haipo."

"Ala! Imeenda wapi?"

"Haikuwa yangu," Redio akasema, na kipaza sauti kikaipeleka hadi viti vya juu kabisa.

"Basi tupe yako!" Watu wakadakia, wakaanza kupiga makofi. "Yako! Yako!"

Yake ilikuwepo, pale kwenye njia ya wakimbiaji, hatua chache tu kutoka aliposimama. Na hapo Fundi akainuka mezani, akaja, akamtoa kipaza sauti mkononi.

"Yake ninayo mimi," akawaambia watu.

Redio alitazama nyasi. Akajisemea, haya, lipa. Umestahili. Hakunyoosha hata mkono kumzuia.

"Huyu mnayemwona," Fundi akasema, macho yakaelekea kule kwenye viti vya bei nafuu yakarudi, "siku moja miwani ilimdondoka getini, akaiamkia nguzo. Akaiita shangazi."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Ongeza, dada! Ongeza!"

"Hakuna nyingine," Fundi akasema, akamrudishia kipaza sauti. Vidole vyao vikagusana. Redio akamtazama, na machozi yakamfanyia ukungu kwenye vioo. Alikuwa amebebwa mzima mzima mbele ya umati, na hakudondoshwa.

"Umeona?" Fundi akamnong'oneza. "Siri hutunzwa hivi."

Mama yake Fundi alikuwa kwenye foleni pia. Zamu yake ilipofika akasoma herufi ubaoni, akakosea nusu, na binti yake akamvisha miwani mpya. Mama akageuza shingo huku na huku, macho yakamwangukia Redio.

"Ndiye wewe? Siku ile nilikuona ukungu tu."

Redio akasogea. Kipaza sauti alikuwa amekizima na kukiweka chini.

"Mama, nimekukosea. Nilikufanya kichekesho, na nilijua ninachofanya. Sina la kujitetea. Naomba unisamehe."

"Unajua kilichoniuma, baba? Kuchekwa, nilishachekwa. Ila wewe ulinipindisha magoti." Mama akaunyoosha mgongo pale kwenye kiti. "Mimi sikupinda. Siku ile sikuwa na nyumba, sikuwa na viatu. Nilikuwa na mgongo wangu tu. Ndio huo nao ukauchukua."

Redio aliinamisha kichwa. Pigo hilo lilimwingia kuliko yote, kwa sababu aliona wazi kwamba katika simulizi zake zote, jambo hilo moja hakuwahi kulifikiria.

Mama akainuka. "Nipelekeni golini."

Wakakatiza kwenye nyasi, wote watatu. Fundi alimshika mama yake mkono, kamkamata hasa, na Redio alitembea upande wa pili. Watu kwenye foleni waliwatazama, na hakuna aliyehesabu. Walipofika, mama akagusa nyavu, akazivuta kidogo kama mtu anayepima kamba.

"Zilikauka vizuri siku ile," akasema. "Jua lilikuwa kali."

Fundi akacheka, huku analia. Mama naye akacheka, mabega yakimtikisika. Redio alikuwa ameuma midomo, hathubutu.

"Cheka, baba. Leo unaruhusiwa."

Akacheka, kwa woga mwanzoni. Fundi akampangusia vioo vya miwani kwa pindo la gauni lake la buluu, akamrudishia usoni mwenyewe.

"Unaona?"

"Naona, mpenzi wangu."

"Njoo nyumbani Jumapili, uje na wazee wa kwenu," mama akasema, ameshaanza kurudi kwenye foleni. "Na uingie umenyooka."

"Nimesikia, mama," Redio akasema, na hakuongeza neno.